Vitufe vya mwanga kwenye Linux: pima taa kwanza, kitufe baadaye

Jua la Mwanza linakupiga mara mbili, mara moja kutoka juu na mara ya pili likirudi kutoka ziwani. Ukiwa Mwaloni pale Kirumba saa saba mchana na mwanga wa kioo cha laptopu umegoma kupanda, hata namba ulizoandika mwenyewe huzioni. Usiku nao una shida yake. Umeme umekatika, betri ya mtumba ina chaji ya kuungaunga, na mwanga umegoma kushuka, basi mashine inakuzimikia katikati ya sentensi.

Mimi ni fundi wa kompyuta, meza yangu iko maeneo ya Makoroboi. Wateja wangu wengi wanatumia laptopu za mtumba, zile ThinkPad, EliteBook na Latitude zilizoingia nchini zikiwa zimeshachoka kutumika kwenye ofisi za watu. Nyingi naziwekea Linux Mint au Ubuntu, kwa sababu zinakwenda nayo vizuri kuliko Windows mpya, na hakuna leseni ya kununua wala ya kuiba. Baada ya siku mbili tatu simu inaita: "Dada fundi, kila kitu kiko sawa, ila vile vitufe vya jua havifanyi kitu."

Hapo wengine huwa wameshaingia mtandaoni, wamenakili amri ya kwanza waliyoikuta, haikukubali, wakanakili ya pili juu yake, na ya tatu. Mashine inafika mezani kwangu nusu yake ni ugonjwa na nusu ni dawa. Nakushauri usiende hivyo. Kati ya kidole chako na taa ya kioo kuna hatua chache tu: kibodi inatuma ishara, kerneli (kiini cha Linux kinachozungumza na vifaa) inaipokea, desktopu (mazingira yako ya madirisha na menyu) inaamua ifanye nini, kisha namba fulani inaandikwa kwenye faili na taa inapanda au inashuka. Mahali fulani hapo katikati pamekatika. Kazi yako ni kujua ni wapi, na njia fupi ni kuanzia mwisho, kwenye taa yenyewe, bila kugusa vitufe kabisa.

Pima taa kwa mkono

Fungua terminali (Ctrl+Alt+T) uandike:

ls /sys/class/backlight/

Linux huonyesha vifaa vingi vya mashine kana kwamba ni mafaili, na hapa ndipo taa ya kioo inapokaa. Mashine yenye grafiki za Intel kwa kawaida inakuonyesha intel_backlight. Yenye AMD inakuonyesha amdgpu_bl0 au amdgpu_bl1. Unaweza pia kukuta acpi_video0, au nvidia_0, au majina mawili kwa pamoja. Ukikuta majina mawili, yaandike pembeni, maana huenda tatizo lako lote liko hapo. Na kama hakuna jina hata moja, soma kwanza sehemu ya "Folda tupu" huko chini.

Tuseme umepata intel_backlight. Uliza mwisho wake ni namba ngapi, na sasa hivi iko wapi:

cat /sys/class/backlight/intel_backlight/max_brightness
cat /sys/class/backlight/intel_backlight/brightness

Usishangae namba. Kuna mashine ambazo mwisho ni 15, kuna ambazo ni 255, na kuna zinazokwenda mpaka makumi ya maelfu. Hazina maana nyingine zaidi ya ngazi kati ya giza na mwanga kamili. Chukua karibu nusu ya ile ya mwisho uiandike kwa mkono. Kama mwisho ni 937, basi:

echo 450 | sudo tee /sys/class/backlight/intel_backlight/brightness

Ni lazima upitie tee. Ukiandika sudo echo 450 > ... utaambiwa huna ruhusa, kwa sababu sudo inampa mamlaka echo peke yake, ilhali kazi ya kuandika kwenye faili inafanywa na ganda lako (shell, ile programu inayopokea amri ndani ya terminali) ambalo halina mamlaka hayo. Hili linawachanganya sana wanaoanza, wanadhani mashine imekataa taa.

Usiandike 0. Kwenye baadhi ya mashine sifuri ni mwanga mdogo sana, kwenye nyingine ni kuzima taa kabisa, na hujui yako iko kundi gani. Likikukuta, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni: picha bado ipo, utaiona kwa mbali, na unaweza kurudisha namba ya juu. Au zima mashine uwashe upya. Huduma ya systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux) inayorudisha mwanga wakati wa kuwaka hairuhusu ushuke chini ya asilimia 5 ya kiwango cha juu.

Sasa angalia kioo, usiangalie terminali. Je, mwanga umebadilika?

Kama umebadilika, taa yako ni nzima na kerneli inaifikia. Shida iko kwenye kitufe au kwenye desktopu. Kama namba imebadilika na kioo kimebaki vilevile, shida iko kwenye draiva ya taa, yaani programu inayoiendesha, na vitufe usivisumbue, havina kosa.

Kabla hatujaendelea, neno kuhusu xrandr

Mama mmoja anayeuza dagaa kwa jumla aliniletea laptopu yake. "Mwangaluka, mwanangu," akaketi. Nikamwamkia shikamoo, akaniambia mpwa wake alishaitengeneza, mwanga ulipanda kweli, "ila sasa hesabu zangu zimekuwa kama zimefuliwa." Nikafungua jedwali lake la LibreOffice. Kweli, safu ya magunia ilikuwepo na safu ya bei ilikuwepo, lakini mistari ya jedwali imepotea yote, na zile namba za rangi ya kijivu alizokuwa anatenga kwa madeni hazisomeki. Kwenye orodha ya programu zinazojiwasha nikakuta hii:

xrandr --output eDP-1 --brightness 1.5

Utaikuta amri hii kila mahali, na watu wanaishukuru. Lakini haigusi taa. Inachofanya ni kubadilisha rangi kabla hazijafika kwenye kioo: ukiweka chini ya 1 rangi zinakuwa nyeusi zaidi, ukiweka juu ya 1 zile nyeupe kidogo zote zinasukumwa kuwa nyeupe kabisa, na ndiyo maana mistari ya mama ilipotea. Mwanga wa kioo dhidi ya jua haukuongezeka hata kidogo. Kwa upande wa chini ni vilevile: 0.5 inakupa picha ya giza huku taa nyuma yake ikiwaka kwa nguvu zote na kula betri. Tena kama desktopu yako inatumia Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha madirisha), amri hiyo haitafanya kitu. Ukiikuta kwenye mashine yako, iondoe kwanza, la sivyo vipimo vyote vinavyofuata vitakudanganya.

Namba inabadilika, taa haibadiliki

Mashine ya yule mama ilikuwa na majina mawili kwenye ile folda: acpi_video0 na intel_backlight. Nikaandika namba kwenye acpi_video0, faili ikapokea, kioo kimya. Nikaandika kwenye intel_backlight, kioo kikawaka mpaka akarudisha kichwa nyuma. Ni kama ukuta wenye swichi mbili ambapo moja tu ndiyo imefungwa waya wa taa, na watu wote wa nyumba wamezoea kubonyeza ile nyingine.

Chanzo chake kinajulikana. Taa ya kioo inaweza kuendeshwa kwa njia tatu: kupitia BIOS ya mashine (programu ya ndani inayoamka kabla ya Linux) kwa utaratibu wa ACPI, kupitia draiva ya mtengenezaji wa laptopu, au moja kwa moja kupitia draiva ya grafiki. Kwa miaka mingi kerneli ilikuwa inaweza kusajili zaidi ya njia moja kwa wakati mmoja, ikaachia programu za juu zichague, na programu nyingi huchagua ile ya BIOS kwanza. Kwenye mashine zilizotengenezwa kuanzia enzi za Windows 8, njia ya BIOS mara nyingi ipo kwa jina tu. Kerneli 6.1, iliyotoka Desemba 2022, ilibadilisha utaratibu huo: sasa inajaribu kusajili njia moja tu kwa kila kioo. Kwa hiyo angalia una ipi:

uname -r

Linux Mint 21 na Ubuntu 22.04 zilitoka na 5.15, kwa hiyo ziko upande wa zamani kama hazijapata kerneli mpya. Debian 12 ina 6.1, Mint 22 na Ubuntu 24.04 zilianza na 6.8. Kwenye Mint 21 unaweza kuchagua kerneli mpya zaidi kupitia Kisimamizi cha Masasisho, lakini inakula bando, na kuna njia isiyokula kitu. Ijaribu hiyo kwanza.

Unaiambia kerneli moja kwa moja itumie njia ipi, kwa neno acpi_backlight= likifuatiwa na native, video au vendor. Native ni draiva ya grafiki, video ni ile ya BIOS, vendor ni ya mtengenezaji. Kwa Intel na AMD naanza na native, ikikataa najaribu video, na vendor inakuja mwisho, mara nyingi kwa mashine za zamani sana.

Usiandike moja kwa moja kwenye mafaili. Jaribu kwa safari moja tu. Washa mashine upya, na mara nembo ya mtengenezaji inapopotea gonga Esc mara moja (kwenye mashine za BIOS ya zamani shikilia Shift), itokee menyu ya GRUB, programu inayoiwasha Linux. Nasema mara moja kwa sababu ukigonga kwa pupa utaipita menyu na kuangukia kwenye mstari mtupu wa grub>; hapo andika normal ubonyeze Enter, na menyu isiporudi washa upya ujaribu tena. Kwenye menyu, simama juu ya mstari wa kwanza ubonyeze herufi e. Utaona maandishi mengi. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mpaka mwisho wake kwa kitufe cha End, acha nafasi moja kisha andika:

acpi_backlight=native

Bonyeza F10 au Ctrl+X. Mashine itawaka na mpangilio huo mara hii tu. Jaribu vitufe. Vikikataa, zima uwashe, kila kitu kimerudi kilivyokuwa, kisha rudia na video. Uzuri wa njia hii ni kwamba huwezi kujifungia nje.

Ukipata lililokubali, ndipo uliweke la kudumu:

sudo nano /etc/default/grub

Tafuta mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT na uongeze ndani ya zile alama za nukuu, usifute yaliyokuwemo:

GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet splash acpi_backlight=native"

Ctrl+O na Enter kuhifadhi, Ctrl+X kutoka, halafu:

sudo update-grub

Wenye Fedora hawana update-grub. Amri yao ni hii:

sudo grubby --update-kernel=ALL --args="acpi_backlight=native"

Kwenye kazi hii chomeka chaja na uwe na betri yenye uhai. Laptopu ambayo betri imekufa na inaishi kwa waya peke yake, usiifanyie update-grub jioni ambayo mtaa mzima unalalamika umeme unakwenda na kurudi. Ngoja asubuhi.

Mama wa dagaa alitosheka na native. Vitufe vikaanza kufanya kazi palepale, kwa sababu acpi_video0 iliondoka na desktopu haikuwa na pengine pa kwenda ila kwenye ile taa yenye waya.

Folda tupu

Mwanachuo mmoja wa Malimbe alikuwa na folda ya backlight isiyo na kitu ndani. Jibu likapatikana kwa amri moja:

cat /proc/cmdline

Katikati ya maneno yaliyotokea kulikuwa na nomodeset. Neno hili watu huliweka siku ya kusakinisha mfumo, kioo kikiwa cheusi na mtu anatafuta namna yoyote ya kuona. Linasaidia kweli, kwa gharama ya kuzuia draiva ya grafiki isifanye kazi yake. Draiva isipofanya kazi, intel_backlight haizaliwi, na unabaki na mwanga mmoja asubuhi mpaka usiku. Unaliondoa kwenye /etc/default/grub, unaendesha update-grub, unawasha upya. Kama kioo kitarudi kuwa cheusi, unalirudisha kwa muda kupitia ile menyu ya herufi e, na sasa unajua tatizo lako halisi ni draiva ya grafiki, vitufe vilikuwa dalili tu.

Taa inatii, kitufe hakitii

Hapa unahitaji kujua kama kibodi inatuma chochote. Weka programu ya evtest:

sudo apt install evtest
sudo evtest

Kifurushi chenyewe ni kidogo sana. Kinachokula bando ni sudo apt update kabla yake, kwa hiyo kama ulishaifanya karibuni, iache.

Evtest itakuorodheshea vifaa vyote vya kuingizia taarifa, kila kimoja na namba yake. Kosa la kawaida ni kuchagua kibodi moja kwa moja, unabonyeza kitufe cha mwanga, hakuna kitu, unahitimisha kuwa kimekufa. Kwenye laptopu nyingi ishara za mwanga hazipiti kwenye kibodi. Anza na kifaa kinachoitwa Video Bus. Kisha jaribu vyenye neno WMI au hotkeys, au Extra Buttons kwa wenye ThinkPad. Mwisho ndiyo AT Translated Set 2 keyboard. Kila ukichagua kimoja, bonyeza kitufe cha mwanga, kisha Ctrl+C kutoka. Unachotafuta ni mstari wa namna hii:

type 1 (EV_KEY), code 225 (KEY_BRIGHTNESSUP), value 1

224 ni kushusha, 225 ni kupandisha. Ukiuona, kibodi na kerneli zote zimefanya kazi yao, na aliyelala ni desktopu. Kuna wanaopima kwa xev, programu nyingine ya kuonyesha vitufe. Mimi siitumii kwa kazi hii, kwa sababu desktopu inaweza kukinyakua kitufe kabla xev haijakiona, ukadhani hakuna kitu kumbe kipo.

Kwa desktopu iliyolala, dawa inategemea unatumia ipi. XFCE inahitaji xfce4-power-manager iwe inafanya kazi. Kwenye mipangilio yake kuna kisanduku cha kuiruhusu ishughulikie vitufe vya mwanga, kipige tiki. Kwenye Cinnamon angalia njia za mkato za kibodi, huenda mtu alifuta zile za mwanga au alizipa kazi nyingine. Wenye i3 au Sway (programu za kupanga madirisha tu) hamna desktopu ya kuwafanyia, mnaandika wenyewe. Weka brightnessctl kwa apt, kisha kwenye faili la mipangilio:

bindsym XF86MonBrightnessUp exec brightnessctl set +10%
bindsym XF86MonBrightnessDown exec brightnessctl set 10%-

Ikikuambia huna ruhusa, jiongeze kwenye kundi la video kwa sudo usermod -aG video $USER, utoke kwenye akaunti na kuingia tena. Kwa Debian na ndugu zake hilo linaweza lisitoshe. Ongeza kifurushi cha brightness-udev.

Hata kama hutumii i3, brightnessctl ni programu nzuri kuwa nayo. Kama vitufe vyako vimevunjika kimwili, na kwenye kibodi za mtumba hilo ni jambo la kila wiki, unaweza kuipa amri hizo mbili njia nyingine ya mkato, kwa mfano Super (kile kitufe chenye nembo ya Windows) na mshale wa juu, Super na mshale wa chini, na maisha yakaendelea bila kununua kibodi.

Evtest kimya kwenye vifaa vyote

Kabla ya mambo makubwa, bonyeza Fn+Esc. ThinkPad na Latitude nyingi hutumia mchanganyiko huo kufunga au kufungua Fn, na mtoto akichezea laptopu ni rahisi sana kuugusa. Kwa HP ingia BIOS kwa F10 wakati wa kuwasha, tafuta Action Keys Mode. ThinkPad huingia kwa F1, Dell kwa F2. Ukiwa humo ndani ya BIOS, bonyeza vitufe vya mwanga hapohapo. Kwenye mashine nyingi vinafanya kazi hata kabla mfumo haujawaka, na vikifanya kazi huko umepata habari njema: kibodi na taa ni vizima, tatizo ni la Linux peke yake.

Kisha angalia kama draiva ya mtengenezaji imepakiwa:

lsmod | grep -E "wmi|thinkpad|ideapad"

Kama una HP na hakuna hp_wmi, jaribu sudo modprobe hp_wmi halafu urudie evtest. Wenye Dell watafute dell_wmi, wenye Asus asus_nb_wmi.

Ikiwa bado kimya, fungua sudo dmesg -w, bonyeza kitufe, tazama. Mara nyingine kerneli inasikia kabisa, ila haijui inachosikia, na inakuambia hivi:

atkbd serio0: Unknown key pressed (translated set 2, code 0xab on isa0060/serio0).

Huu ni mstari wa thamani. Ile ab ndiyo namba ya kitufe chako. Yako inaweza kuwa nyingine, na cha kushusha kina ya kwake. Unaifundisha kerneli kwa kutengeneza faili:

sudo nano /etc/udev/hwdb.d/90-vitufe.hwdb

Ndani yake:

evdev:atkbd:dmi:*
 KEYBOARD_KEY_ab=brightnessup
 KEYBOARD_KEY_aa=brightnessdown

Ile nafasi moja mwanzoni mwa mstari wa pili na wa tatu ni lazima iwepo, bila hiyo mpangilio hautafanya kazi. Namba ziwe herufi ndogo. Kisha:

sudo systemd-hwdb update
sudo udevadm trigger

Rudi kwenye evtest. Ukiona 224 na 225, umemaliza.

Ukijaribu yote na taa haitii popote, hata BIOS, hata ukiwasha kwa flashi yenye Ubuntu mpya, acha amri. Mashine nyingi za mtumba zimeshabadilishwa kioo kabla hazijakufikia, na ishara ya kupunguza mwanga inapita kwenye waya mwembamba unaokwenda kwenye kioo kupitia bawaba. Waya huo ukikatika kidogo, picha inabaki safi kabisa na mwanga unaganda. Hapo mpelekee fundi wa vifaa aifungue.

Mwanga unarudi juu kila ukiwasha

Hili ni dogo. Systemd huhifadhi mwanga wakati wa kuzima na kuurudisha wakati wa kuwasha, na kumbukumbu zake ziko /var/lib/systemd/backlight/. Ukizima mashine kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, au umeme ukikatika kwenye laptopu isiyo na betri, haipati nafasi ya kuhifadhi. Pia mipangilio ya nishati ya desktopu inaweza kuwa na kiwango chake cha mwanga ukiwa kwenye chaja na kingine ukiwa kwenye betri. Angalia huko kabla ya kuilaumu systemd.

Na kwa wanaounganisha laptopu na kioo cha nje kwa HDMI: kwa kawaida vitufe hivi haviendeshi kioo hicho, hata kila kitu kikiwa sawa. Monita nyingi zinakubali kuendeshwa kwa programu inayoitwa ddcutil, ambako mwanga ni namba 10, kwa mfano:

sudo ddcutil setvcp 10 60

Ikilalamika haioni njia, pakia moduli kwa sudo modprobe i2c-dev kisha ujaribu tena. Televisheni za ukumbini nyingi hazielewi amri hiyo, kwa hizo tumia rimoti.